Shajara ya mradi: mechi moja ya Nyeusi, kundi la chesi la Mwanga, Kigoma

Machi, kuanza

Naanza kuandika ili maendeleo yote yakae sehemu moja, maana vijana wanauliza tumefika wapi, wazazi wanauliza hawa watoto wanakaa pale barazani wanafanya nini, na mimi natamani mwenye kundi kama letu Kasulu au Uvinza au kokote aweze kuchukua hii akafanye kwake. Mradi wenyewe kuusema ni mfupi: tunachukua mechi moja tu ya chesi, tunakaa nayo mpaka kila mtoto aweze kuicheza kwa kichwa bila karatasi na aeleze kila hatua ilichezwa kwa nini. Mechi ni ya Rotlewi na Rubinstein, mji wa Łódź, Poland, mwaka 1907. Rotlewi alikuwa na Nyeupe, akafungua na askari wa malkia, d4 (herufi a mpaka h ni safu za kusimama, namba 1 mpaka 8 ni mistari ya kulala, hivyo kila chumba kina jina lake). Rubinstein na Nyeusi akashinda hatua ya 25.

Kwa nini mechi aliyoshinda Nyeusi? Kwa sababu kwenye kundi letu ukishika kete mbili mgongoni dogo akagusa mkono wenye nyeusi anakunja uso kabla hata hajakaa. Wamesikia Nyeupe ana faida ya kuanza, na ni kweli anayo, ila wao wameshaigeuza kuwa hukumu kwamba Nyeusi kazi yake ni kujikinga tu na akipata droo ashukuru. Na wakifunguliwa d4 ndo kabisa, e4, askari wa mfalme, wameizoea, e4 inafunguka haraka watu wanapigana, lakini d4 wanaiona kama ukuta, wanasogeza sogeza kete hapa na pale mpaka wanabanwa kwenye kona na hawajui walibanwa saa ngapi. Nataka waone kwa macho yao Nyeusi anavyoweza kuchukua mchezo mkononi mwa Nyeupe kwenye d4, tena bila Nyeupe kuachia kete ya bure hata moja.

Machi, ubao

Fundi seremala hapa jirani ametukatia plaiwudi, tumechora vyumba 64 tukapaka rangi, kila chumba kina msumari mmoja juu katikati. Kete tumekata kwenye maboksi ya sabuni, tumechora kwa maka pen, tukatoboa tundu zinaning'inia. Ubao unasimama ukutani watoto wote wanaona, hata aliyekaa nyuma. Upepo wa ziwa mchana ukianza kete zinachezacheza ila hazianguki. Huu ubao ndo umebadilisha kila kitu maana zamani tulikuwa tunazunguka bodi moja watu kumi, mnene mbele anawaziba wengine.

Simu zenye intaneti ni chache hivyo Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, tunaitumia kwa zamu, ni ya bure haina hata tangazo, lakini nimeweka sharti: kompyuta haifunguliwi mpaka mtoto aseme kwanza anachofikiri yeye. Ukianza na kompyuta akili inalala.

Machi, hatua ya 1 mpaka ya 9

Nyeupe anatangulia Nyeusi anajibu, zote mbili tunahesabu hatua moja: d4 d5, farasi f3, e6, e3, c5, c4, farasi c6, farasi c3, farasi f6. Pale Nyeusi alipopeleka askari c5 na kuacha mvutano katikati ndo wanaita Ulinzi wa Tarrasch, kwa jina la Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa anaamini Nyeusi asijikunyate, naye adai nafasi yake katikati. Mimi namuunga mkono moja kwa moja. Mtoto akianza maisha ya chesi kwa kujikunyata anachelewa sana kujua kete zake zinaweza nini.

Halafu Nyeupe akala c5, askofu wa Nyeusi akala hapohapo. a3, a6. b4, askofu akarudi d6. Nyeupe askofu b2, Nyeusi mfalme akaenda kujificha pembeni. Binti mmoja wa form two akanyoosha mkono, "Ticha, mbona wanafanana kama mtu na kioo?" Nikamwambia hapohapo shika, usiachie hilo swali, wiki ijayo tunalirudia. Na kwa kweli hilo swali ndo limebeba mradi mzima.

Aprili, kuhesabu

Hii wiki ndo tumekaa muda mrefu kuliko zote na sijutii.

Hatua ya 10 Nyeupe alipeleka malkia d2. Nyeusi akajibu malkia e7, na hapo askari wa d5 anaonekana kama kaachwa. Vijana wote wakataka kumla. Tukajaribu ubaoni: Nyeupe anakula d5, Nyeusi anarudisha kwa askari wa e6, farasi anakula, farasi anakula, malkia anakula, sasa Nyeupe ana askari mmoja zaidi lakini askofu wa Nyeusi anatoka e6 akimkimbiza malkia, ngome zinaingia katikati kwa raha zao, na mfalme wa Nyeupe bado kasimama katikati ya barabara. Rotlewi aliona, hakula. Alipeleka askofu d3.

Na hapo tu, sio kabla, Rubinstein akala c4. Watoto wakauliza kwa nini asingekula mapema. Kwa sababu yule askofu alikuwa bado f1. Ukila c4 akiwa f1 anakuja kula kwa hatua moja. Ukimsubiri mpaka ahangaike kwenda d3, ukala, anatumia hatua ya pili kufika palepale. Kisha Nyeusi akasukuma b5, askofu akarudi d3. Ngome d8, malkia wa Nyeupe akatoka d2 kwenda e2 maana alikuwa kakaa kwenye njia ya ngome. Askofu b7. Hatua ya 15 Nyeupe naye akaficha mfalme.

Nikasimamisha ubao hapo nikawagawia karatasi, nikasema kila mtu aandike kila kete imetembea mara ngapi kufika ilipo na ingeweza kufika kwa mara ngapi. Kimya. Baada ya muda wakaanza kubishana, ndo kelele ninazozipenda. Jibu ni hili: askofu wa Nyeupe alikwenda d3, c4, akarudi d3, safari tatu kufika mahali pa safari moja. Malkia d2 halafu e2, mbili badala ya moja. Jumla hatua tatu zimepotea. Nyeusi yeye askofu wake alipita c5 kisha d6, kapoteza moja. Toa, Nyeupe yuko nyuma kwa mbili.

Sasa rudi kwenye swali la binti. Ukitazama ubao baada ya hatua ya 15 pande zote mbili ni zilezile, malkia mbele ya chumba alichokuwa mfalme wake mwanzo, maaskofu wanatazama upande wa mfalme wa adui, farasi wawili, askari pembeni a na b. Tofauti ni mbili tu, Nyeusi ana ngome tayari d8, na zamu ni ya Nyeusi. Basi. Aliyeanza wa pili sasa ndo yuko mbele na hakuna aliyekula kete ya bure hata moja. Nilipoona dogo mmoja wa Katonga anapiga kofi paji la uso nikajua imeingia.

Ndo maana nasisitiza kwenye huu mradi, watu wakiisimulia hii mechi wanarukia kule mwisho kwenye moto, malkia katolewa, ngome zimetolewa, lakini ushindi ulipatikana hapa, hatua ya 10 mpaka 15, kwenye vitu ambavyo ukitazama haraka unaona hakuna kilichotokea. Nimeweka sheria na naisimamia: hakuna kuoneshwa hatua ya 22 kabla hujaweza kuielezea ya 11.

Aprili, farasi e5

Mwenye muda anautumia. Rubinstein hakukaa kufurahia, hatua ya 15 akapeleka farasi e5 kubadilishana. Farasi akala farasi, askofu akala, na sasa kuna mtego unasubiri. Nikawauliza Nyeusi anatishia nini. Wengi wakasema hakuna. Tukatafuta pamoja mpaka wakauona: askofu anakula h2 na cheki, yaani mfalme anatishiwa na lazima ajiokoe, mfalme akimla, malkia anashuka d6 na cheki nyingine, na kwa wakati huohuo yeye na ngome iliyo nyuma yake wanamtazama askofu wa d3. Mfalme anasogea, malkia anakula d3, malkia anarudisha, ngome inakula. Hesabu: kila upande katoa askofu na malkia, lakini Nyeusi kabaki na askari wa h2 mfukoni. Askari mmoja safi.

Nimewafanyisha hii peke yake mara nyingi tukibadilisha kete ndogondogo, je ngome ya Nyeupe ingekuwa d1? Basi mtego haupo, kwa sababu mwisho wake ngome ya d1 inaila ngome ya Nyeusi palepale d3. Hiyo ngome ya d1 ndo tuliona ingekuwa tulivu zaidi kwa Rotlewi. Yeye alifunga njia kwa f4, askofu akarudi c7. Kisha e4, ngome nyingine ya Nyeusi c8, na sasa kila kete ya Nyeusi iko kazini.

Aprili, e5 ya Nyeupe

Nimeipa siku yake hii hatua ya 19. Nyeupe anasukuma e5, anamkimbiza farasi wa f6, ukitazama unaona huyu jamaa ndo anashambulia. Vijana walishangilia kabisa upande wa Nyeupe. Nikawaambia tazameni alichoacha nyuma. Askari wa e4 alikuwa ndo kizibo cha njia ya askofu wa b7 mpaka kwa mfalme, kizibo kimetoka. Na e3 nako kulishakuwa wazi, kwa hiyo askofu wa c7 anapanda b6 na cheki, mfalme anaingia kona ya h1 na hatoki tena maisha yake yote.

Farasi aliyekuwa anakimbizwa hakurudi nyuma, akaruka g4. Malkia akimla farasi, ngome inakula askofu d3 na nyumba inaanguka. Nyeupe akapeleka askofu e4 kuziba ile njia. Nyeusi malkia h4, anataka h2, chekimeti, yaani mfalme kashikwa hana pa kukimbilia, mechi imeisha. Nyeupe akasukuma g3, anamgusa malkia.

Tukasimama hapo. Nikawatuma nyumbani na picha ya ubao, nikawaambia Nyeusi anacheza nini, malkia wako anataka kuliwa.

Mei, babu wa drafti

Majibu yalikuwa mengi, mengi ni ya kumkimbiza malkia. Aliyetusogeza mbele hakuwa mtoto, ni babu mmoja anayecheza drafti pale barazani kila jioni, vizibo vya soda upande mmoja vimepinduliwa, na hapa mtaani hakuna wa kumfunga. Vijana wakamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba wajukuu, akasimama nyuma anatazama ubao wetu kimya, akauliza kila kete inatembeaje tukamweleza. Akasema, "Mimi hapo ningemlisha. Ila kwenu huku mtu akikataa kula inakuwaje?"

Nilitamani kumkumbatia. Drafti yetu kula ni lazima, ukilishwa umelishwa, ndo maana wachezaji wa drafti ni hodari wa kutoa kete mbili kuchukua tatu, wanajua mwenzake hana ujanja. Kwenye chesi halazimishwi mtu. Ukimtolea kete anaweza akaila, anaweza akala nyingine, anaweza akaipita kabisa akafanya lake. Kwa hiyo anayetoa kete kwenye chesi lazima awe na jibu kwa kila mlango, na huo ndo uzuri wa hatua ya 22 ya Rubinstein. Malkia wake yuko mdomoni h4, yeye anachukua ngome anakula farasi c3.

Tukafungua milango mmoja mmoja. Akila ngome kwa askofu wa b2, basi askofu wa b7 anakula e4 na cheki, malkia akirudisha, malkia wa Nyeusi anatua h2 na farasi wa g4 kamshika mkono, chekimeti. Akila askofu b7, ngome inakula g3 na ulinzi wa mfalme unachanika vilevile, huo mstari ni mrefu tumeuacha kwa wakubwa. Na je kabla ya hapo, badala ya g3 angesukuma h3? Ngome inakula c3 hivyohivyo, askofu akila, askofu wa b7 anakula e4, malkia akirudisha, malkia wa Nyeusi anaingia g3, Nyeupe akila farasi wa g4 malkia anarudi h4, chekimeti, mfalme hana pa kwenda maana g1 kuna jicho la askofu wa b6. Hii ya malkia g3 halafu h4 watoto waliomba irudiwe.

Rotlewi akachagua kula malkia. Na hapo ndo ngome ya pili ikaingia d2.

Nikamwachia babu aje mwenyewe aning'inize kile kipande kwenye msumari wa d2. Tazama ubao ulivyo sasa: Nyeusi hana malkia, kabakiwa na kete kubwa tano, na nne kati ya hizo ziko mdomoni kwa wakati mmoja. Ngome ya c3 inaliwa na askofu, ngome ya d2 inaliwa na malkia, farasi wa g4 analiwa na malkia, askofu wa b7 analiwa na askofu mwenzake. Aliyebaki salama ni askofu wa b6 peke yake. Na Nyeupe anapoteza. Kwa sababu yule farasi wa c3 alikuwa mlinzi wa e4, keshaliwa, kabaki malkia peke yake analinda e4, na sasa malkia anavutwa atoke. Akala d2. Askofu akala e4 na cheki, malkia akarudi g2 kuziba, na ngome ya c3 ikateleza pembeni mpaka h3. Malkia hawezi kuigusa, kafungwa kwenye mstari wa mfalme wake. Ngome inakwenda kula h2, chekimeti, na chochote utakachoziba kinachelewesha tu. Rotlewi akakubali kushindwa.

Babu alikaa akasema atakuja kesho na wenzake. Walikuja kweli. Sasa barazani wanagawana, upande huu drafti upande ule chesi, na mimi nasema hili ni jambo kubwa kwa kundi letu kuliko vifaa vyovyote.

Mei, walikuwa akina nani

Jioni moja mvua imetuziba tukaongea historia. Rubinstein kwa jina Akiba, alizaliwa 1880 mji mdogo wa Stawiski, Poland ya wakati huo ikiwa chini ya Urusi, akahamia Łódź kutafuta wachezaji wazuri. Rotlewi alizaliwa 1889, yani alipocheza hii mechi alikuwa kijana wa rika la kaka zao hawa watoto. Nilisisitiza hili maana walikuwa wanamsema vibaya. Huyu sio mchezaji wa kubahatisha, 1911 kwenye mashindano makubwa ya Karlsbad alimaliza wa nne. Ugonjwa ukamtoa kwenye chesi mapema, akafariki 1920.

Rubinstein mwaka 1912 alishinda mashindano makubwa matano ndani ya mwaka mmoja. Ilipangwa acheze na Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, kugombea ubingwa 1914, vita ikaingia. Hapo nikawaambia ni vita hiyohiyo iliyoikuta meli yetu Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916. Liemba ikaja kuibuliwa ikarudi ziwani. Mechi ya Rubinstein na Lasker ya ubingwa haikuchezwa kamwe. Watoto wa Kigoma wote wana babu au bibi aliyepanda Liemba, kwa hiyo walinyamaza kidogo, inauma kweli ukiifikiria.

1950 shirikisho la dunia FIDE lilipotoa cheo cha mastaa wakuu kwa mara ya kwanza, watu 27, Rubinstein alikuwemo. Alifariki 1961 Ubelgiji.

Mei, mtihani

Sharti la kuvuka: unasimama mbele ya ubao, unacheza mechi yote bila karatasi, mwenzako yeyote anaweza kukusimamisha akauliza kwa nini. Umeme ulikatika katikati tukamalizia kwa tochi za simu. Wengi wamevuka. Wasiovuka wanakwama sehemu ileile, hatua ya 13, wanasahau ngome kwenda d8 na kurukia askofu b7, na mimi siwapitishi kwa sababu ngome hiyo ya d8 ndo ile hatua ya ziada yenyewe, ukiisahau hujaelewa mechi.

Kitu ambacho sikukitegemea: wadogo wa darasa la tano wanahesabu hatua zilizopotea kuliko wakubwa. Wanacheza huku wanahesabu kwa sauti, "kete hiyo mara ya pili hiyo." Inakera wapinzani ila waache.

Juni, Tabora

Tulialikwa Tabora kucheza mechi za kirafiki na kundi la kule. Treni, Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, watoto hawakulala, bodi za sumaku mapajani. Tulibeba dagaa wa zawadi, tumerudi na asali. Wenyeji wetu walitupokea vizuri sana, niseme hilo wazi.

Wanacheza vizuri na wana nidhamu ya saa kutuzidi. Tulipigwa kwenye bodi kadhaa. Ila naandika mechi moja kwa urefu maana ndo ripoti ya mradi.

Binti wa form two, yule wa kioo, alipangiwa Nyeusi dhidi ya kaka mmoja mkubwa, mchezaji wao wa juu. Kaka akafungua d4. Nilikuwa nimesimama mbali nikamtazama uso, hakukunja. d5, e6, c5, akaweka kama anasoma. Haikuwa hatua kwa hatua sawa na ya Łódź, huyu kaka aliweka malkia c2 kwanza baadaye e2, ila umbo lilikuwa lile. Na askofu wake alipotoka tu f1 kwenda d3, binti akala c4. Hapo nilishika ukuta. Askofu akala, b5, askofu akarudi d3. Ngome d8. Farasi e5, wakabadilishana farasi, askofu wake kakaa e5 katikati.

Kaka akafikiri akapeleka ngome c1. Ngome ya upande wa malkia, sio d1. Ni hatua inayoonekana ya kawaida kabisa, anachukua mstari ulio wazi, nami ningekuwa simjui Rubinstein ningeicheza.

Binti hakukurupuka. Alikalia mikono yake kama nilivyowafundisha, akatazama h2, akatazama d6, akatazama d3, akarudia tena. Kisha askofu akala h2, cheki. Kaka akala kwa mfalme. Malkia d6, cheki. Nikaona yule kaka anainama karibu na bodi. Mfalme akarudi, malkia akala d3, malkia akarudisha, ngome ikala. Mtego ambao Rotlewi aliuziba kwa f4 mwaka 1907, huku Tabora umefyatuka.

Lakini askari mmoja sio ushindi, na hapa ndo namsifu zaidi ya pale. Waliobaki ni ngome mbilimbili, farasi mmoja mmoja, na maaskofu wa rangi tofauti, wa kwake kwenye vyumba vyeupe wa kaka kwenye vyeusi. Maaskofu wa namna hii kete nyingine zikiisha mara nyingi ni droo hata ukiwa mbele, kila mmoja analinda rangi yake hawakutani. Kaka alilijua hilo akaanza kumpa ngome wabadilishane, mara ya kwanza, mara ya pili. Binti akakwepa zote, akabadilisha farasi tu, akaacha ngome zake ubaoni, akazirundika safu ya pili ya adui mpaka akala askari wa pili, halafu wa tatu. Kaka akampa mkono. Akamwambia, "Mdogo wangu umecheza, hiyo umejifunzia wapi?" Binti akamwonesha mechi yote palepale kwa kichwa, ya Rubinstein, mpaka ngome h3. Watu wakajaa mezani. Wenyeji wameomba tuwaandikie hatua zote, nimewaachia daftari.

Juni, tumerudi

Kazi zilizobaki: kuandika ile mistari mirefu ya hatua ya 22 kwa Kiswahili chepesi, hasa Nyeupe anapokula b7, maana wakubwa wanaitaka. Kutengeneza ubao wa pili wa plaiwudi upelekwe Ujiji, kuna vijana wameomba. Kutafuta saa, hata mbili, kwa sababu kule Tabora tulipoteza bodi kwa kukosa mazoea ya saa na simu chaji inaisha.

Mechi ijayo tumeshakubaliana, tunabaki kwenye d4 na Nyeusi anashinda: Aronian na Anand, Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 2013, hatua 23. Anand alikuwa bingwa wa dunia wakati huo, na maaskofu wake wawili wanatazama kwa mfalme vilevile kama wale wa Łódź, wachambuzi wengi walizifananisha. Ila ufunguzi ni mwingine, nimewakataza kudhani wanaujua.

Swali la Jumamosi nimeshalibandika juu ya ubao ili waje wamefikiri: farasi wa Aronian alitoka f3 akaenda g5, akala h7, akala f8, akaja g6 akaliwa hapo na malkia. Hesabu ametumia hatua ngapi, halafu niambie Nyeusi alikuwa anafanya nini muda wote huo.